Punje ya Mchele Kila Mkono

Julai ile sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imeunguza viazi vya watu wengi Mufindi. Kama saa 3 asubuhi wakamleta famasi kwetu Mafinga mama mmoja mchuma chai, shemeji zake wawili wamemshika makwapani. "Kamwene, dokta," akasema mkubwa wao. (Kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, mimi nilikuwa mfamasia tu.) Mama mwenyewe hakusema neno. Alikuwa amejishika kichwa, macho amefumba.

Ndani ya mfuko wa rambo mlikuwa na tyubu ya gramu 30 ya marhamu ya nitrogliserini, asilimia 2, aliyotumiwa na mdogo wake aliye ng'ambo. Hiyo kwa asili ni dawa ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Madaktari huwapa pia watu ambao mishipa ya vidole inajifunga kwa baridi, ugonjwa alioueleza daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862: kidole kinakuwa cheupe kama chaki, mpaka wa weupe ukionekana wazi, halafu kinageuka bluu, halafu chekundu chenye kuwasha na kupwita. Mchuma chai anashika majani yenye umande tangu alfajiri, kwa hiyo vidole vyake havipati nafasi ya kupumua.

Mama alikuwa ameipaka kama vaselini, vidole vyote hadi kwenye viwiko, kisha akaketi kuota moto. Joto linapanua mishipa ya ngozi, dawa ikaingia mwilini kwa kasi. Presha ilikuwa imeshuka hadi 82 kwa 50.

Tukamlaza sakafuni, miguu juu ya kreti la soda. Nikavaa glavu kabla ya kumfuta, maana dawa hii haichagui ngozi: ukimfutia mgonjwa kwa mikono mitupu, jioni unaumwa kichwa wewe. Karatasi kavu kwanza ili isisambae, ndipo maji ya vuguvugu na sabuni. Baada ya dakika 40 presha ilipanda hadi 104 kwa 66, akaomba chai. Kichwa tulimpa parasetamo.

Nikabonyeza tyubu juu ya rula. Uzi wa sentimita 1 una takriban miligramu 6. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amekamua kama sentimita 12, yaani zaidi ya miligramu 70, wakati hata mgonjwa wa moyo huanzishwa na uzi wa sentimita 1 na kitu, miligramu 7 au 8. Vidole vinahitaji pungufu ya hapo: nusu sentimita kwa mkono mzima.

"Mama, unaijua punje ya mchele?"

"Naijua, baba."

"Urefu huo. Mmoja mkono huu, mmoja mkono ule."

Na haipakwi kwenye ncha inayouma. Inapakwa kwenye mashina ya vidole na katikati ya vidole, ambako ateri ndogo zinapita kwenda mbele. Ikilegeza pale, damu inafika yenyewe. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa na kidonda kidogo. Pale haigusi kabisa.

Apake saa 11 alfajiri akiwa amekaa, asubiri nusu saa kabla ya kubeba kikapu. Mara ya pili saa 5 asubuhi. Usiku hakuna, na hapa ndipo wengi hubisha. Mishipa huizoea nitrogliserini isipopewa saa 10 hadi 12 za kupumzika. Nitrogliserini hiyohiyo hutengenezewa baruti, na wafanyakazi wa viwanda vya baruti zamani waliumwa kichwa kila Jumatatu, katikati ya wiki kikaisha. Walikuwa wameshaizoea, na Jumapili ya kukaa nyumbani ikayafuta mazoea. Shemeji mdogo akashtuka kusikia baruti. Nikamwambia ndani ya mafuta kwa asilimia 2 hailipuki, aiache tu mbali na jua, kifuniko kimebanwa.

Swali la mwisho niliuliza shemeji wakiwa nje: je, mzee nyumbani anatumia vidonge vya nguvu za kiume? Sildenafili ikikutana na dawa hii, presha inaweza kuporomoka hadi kuua, na marhamu iliyobaki viganjani inahamia kwa unayemgusa. Akacheka kwa mara ya kwanza. Basi anawe mikono kabla ya kumshika mumewe, na kabla ya kumbeba mjukuu.

Kilichonisumbua ni umri. Alikuwa na miaka 43, tatizo lilimwanza akiwa na 41, mkono wa kulia umezidi, na ngozi ya vidole imekaza kama ngoma. Ugonjwa huu ukiwa peke yake huanza ujanani na hushika mikono yote sawasawa, bila vidonda. Nikamwandikia aende hospitali kubwa akapimwe damu na aangaliwe ngozi. Huko walimwanzishia pia nifedipini ya kutolewa taratibu, kidonge cha kulegeza mishipa.

Wiki mbili baadaye akarudi kwa miguu yake, tyubu haijafika nusu. Akauliza kama asubuhi za sakitu anaweza kuongeza punje moja. Nikamwambia aongeze sweta.