Sato hana dini

Mimi Mkatoliki, jamaa yangu wa Kirumba ni Muislamu wa swala tano, tumejuana soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, kwenye dagaa na sijui hata tulianzaje kuzoeana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, 5 Machi, basi ikawa wote tumefunga, yeye hata maji hagusi mpaka magharibi, mimi nakula jioni ila nimeacha nyama na bia (bia ndo ilinitesa), akawa ananicheka eti Kwaresma yenu ina siku 40 lakini mnakunywa chai mchana!

Jioni ananiita kufuturu kwake, uji wa pilipili manga, mihogo, tende, na mkewe ananipikia sato wa nazi kwa kuwa nyama sili. Samaki hachinjwi kwa hiyo hapo hakuna ubishi kabisa. Mbuzi wa Krismasi kwangu anachinja yeye, maana shemeji nae lazima ale.

Tumegombana mara moja tu, na ilikuwa Simba na Yanga.