Ng'ambo ya reli

Nimerudi Tanga baada ya miaka mingi Leicester, na kila baraza ninayopita swali ni lilelile: "Umeuonaje mji?" Barazani najibu kwa adabu tu. Hapa nina nafasi zaidi.

Raskazone bado ni Raskazone: nyua pana, miti mikubwa, upepo wa bahari. Ukivuka reli kuingia Ngamiani, nyumba zinagusana mabega. Ukiuliza kwa nini mitaa hii imetofautiana hivi, wengi wanalo jibu tayari, tena la kuudhi: Waswahili wavivu, wamekalia kahawa na mahaba. Nimelisikia hadi kwa vijana waliozaliwa Makorora, upande uleule wa Ngamiani.

Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na mwaka huohuo mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, akaleta mkonge. Bandari, ofisi na maduka makubwa yakabaki upande wa baharini. Wabeba mizigo na vibarua wakakaa ng'ambo ya pili, kwenye barabara zilizopewa namba badala ya majina. Waingereza nao wakaendeleza: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, kila mmoja na saizi yake ya kiwanja. Baada ya Uhuru rangi ilifutwa kwenye karatasi, vipimo vikabaki. Hadi leo ukitafuta kiwanja utaulizwa: ujazo mdogo (nyumba chache, viwanja vikubwa), wa kati au mkubwa (nyumba nyingi, viwanja vidogo)?

Halafu mkonge ukaanguka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000; kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya 1967, na mavuno yakaporomoka. Bosi wa Raskazone alipewa uhamisho tu. Kibarua wa Ngamiani alibaki palepale bila mshahara. Na kuanzia 1972 hadi 1978 halmashauri za miji zilikuwa zimefutwa nchi nzima, kwa hiyo mtaro ukiziba hata wa kumlalamikia hayupo.

Lakini kinachonikera zaidi kimo ndani mwetu wenyewe, nacho ni nyumba za mirathi. Yetu ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba sita, jiko na choo uani. Babu alipofariki kila chumba kikapata mwenyewe. Wenyewe nao wakafa, na sasa chumba kimoja kina warithi Dar, Mombasa, Muscat, na mimi. Kodi ya mpangaji ikigawanywa haifiki hata nauli ya bodaboda. Bati likivuja kila mtu anamsubiri mwenziwe. Benki haikopeshi kwa hati yenye jina la marehemu, na kulibadilisha jina kunataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndugu waliokubaliana (hapo ndipo pagumu). Mwenye nyumba Raskazone ana hati moja, jina moja. Akitaka kukarabati anakopa. Nionavyo mimi, tofauti ya mitaa hii miwili leo iko hapo kuliko kwenye vikombe vya kahawa.

Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, lielekezwe Chongoleani, hapa Tanga, madalali hawaishi kubisha hodi. Nikamwambia shangazi labda tuuze.

"Tuuze? Na mimi, mwanangu, nikakae Kange?"

Ana hoja. Mnunuzi atavunja, atajenga ghorofa na fremu za maduka chini. Sisi tutagawana pesa, na fungu la kila mmoja litatosha kiwanja kisichopimwa huko pembezoni, kusiko na mtaro wala barabara ya gari la zimamoto. Barabara yetu itaonekana imeendelea, na waliokuwa wakikaa hapo watakuwa wameanza upya mahali pabaya zaidi.

Kikao cha warithi ni baada ya Ramadhani. Nimependekeza tuteue msimamizi mmoja twende naye mahakamani, na kodi ya mwaka mzima iende kwenye bati. Binamu wa Muscat ameshauliza msimamizi atalipwa shilingi ngapi.