Binti wa Dobi

Mashine za kufulia za mtaani kwetu Houston hazikubali noti. Unatumbukiza dola kwenye kisanduku cha chenji, zinamwagika kwota, zile sarafu za senti 25. Mama mdogo huzihesabu moja moja kabla hajabanduka, maana kisanduku kile kilishawahi kumdhulumu. Jumapili hiyo akasita na moja mkononi, akanigeuzia.

"Hebu tazama. Huyu Mchina kafanya nini hadi wakamweka kwenye hela yao?"

Nywele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi, kichwa kaegemeza mkononi, vitaa vya jumba la sinema vimemzunguka. Anna May Wong. Sarafu ya mwaka 2022.

Nguo zikizunguka, nikamsomea kwenye simu. Kazaliwa Los Angeles mwaka 1905, binti wa dobi. Udogoni alipeleka nguo kwa wateja wa baba yake, na bakshishi zikaishia kwenye tiketi za sinema. Alipofika miaka 17 akawa mhusika mkuu wa The Toll of the Sea ya 1922, filamu bubu, mojawapo ya filamu za kwanza kabisa za rangi Hollywood.

Jioni tukaitazama sebuleni. Filamu bubu ina raha yake ukiwa na mama mdogo. Maneno anayatia mwenyewe. Binti anamwokoa Mmarekani ufukweni, wanaoana, bwana anarejea kwao. "Huyo harudi, dada, usijisumbue!" Akarudi kweli, ila na mke wa Kizungu. Binti akawakabidhi mwanawe, akajitosa baharini. Mama mdogo hakuongea kwa muda, na si kawaida yake.

"Mwenye kosa mwanamume. Mbona kafa yeye?"

Nikamweleza kwamba California ilikuwa na sheria ya kuwazuia Wazungu kuoana na watu wa rangi nyingine, ikaja kubatilishwa na mahakama mwaka 1948. Sinema nazo zilifuata mkumbo: mapenzi ya Mchina na Mzungu sharti yaharibike. Mwaka 1928 Anna akachoka, akaenda Ulaya. Hata ilipotengenezwa The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, nafasi ya mke akapewa Luise Rainer, Mzungu, naye akashinda Oscar.

"Halafu leo wanamtunuku senti 25," mama mdogo akasema. "Wameshindwa hata dola nzima? Haya, nitafutie ambayo hafi."

Nikaweka Piccadilly ya 1929, iliyotengenezwa London. Anna ni muosha vyombo anayecheza juu ya meza huko jikoni, taratibu, kama hana haraka na mtu. Mama mdogo akapiga vigelegele. Karibu na mwisho, akauawa.

"Zima!" Akainuka kwenda kukunja shuka.

"Ipo Shanghai Express, ya 1932, ina sauti," nikamwambia. "Humo anayeua ni yeye."

Akarudi, akakaa.