Navaa mitumba ya Karume ofisini na napendeza

Jamani mnaowaambia watu waende mtumbani mchana eti wauzaji wameshachoka wanashusha bei, acheni. Mimi nilipoanza kazi nikaambiwa hivyo hivyo, nikaenda soko la Karume hapa Dar saa nane jua kali, rundo limeshachambuliwa, yamebaki mashati yenye ukosi wa njano na suruali hazina zipu. Bei imeshuka kweli, sasa utavaa nini hapo? Mzigo wa maana unaondoka alfajiri belo, lile furushi kubwa la mitumba, likikatwa tu kamba, wenye maduka ya Sinza na Mwenge wameshajaa, na blezi waliyochukua kwa elfu tano jioni unaikuta imepigwa pasi inaitwa elfu thelathini.

Kwa hiyo nawahi nao. Muuzaji wangu wa makoti tumeshazoeana, akipata belo jipya ananipigia usiku, "dada kesho wahi." Blezi naigeuza ndani nje kwanza, nacheki bitana ya kwapani, ikiwa imekakamaa naiacha hata iwe nzuri vipi. Halafu nawasha tochi ya simu naiingiza kwa ndani, kama nondo wamekula sufu utaona vitundu vinawaka kama nyota. Suruali pale hakuna pa kujaribia, nafunga kifungo nazungusha kiuno chake shingoni kwangu, ncha zikikutana nyuma bila kunikaba inanitosha. Mama ndiye alinifundisha na haijawahi kuniangusha, ila mapaja hayapimiki hivyo, nabeba suruali yangu moja nalinganisha.

Koti langu la kijivu nalipenda hilo! Lilikuwa bado na kikaratasi cha bei, paundi 6, la duka la hisani huko Uingereza. Maduka hayo yakikosa mteja nguo wanawauzia wafanyabiashara kwa kilo, zinachambuliwa, zinafungwa belo, zinakuja huku. Mimi nimelipata kwa elfu nne na kitu, fundi kapunguza mikono, na bosi akiuliza nimenunua wapi namwambia Karume.

Sufu msiichemshe, maji baridi tu na siki kidogo, inasinyaa ile. Nguo za ndani nanunua mpya, TBS wenyewe, shirika la viwango, wamepiga marufuku za mtumba. Na mbebe noti ndogo ndogo, maana ukitoa elfu kumi kulipia ya elfu tatu utaambiwa chenji hamna anti, ongeza na hii nyingine.