Gereji yetu iko jirani na machinjio, na mimi sili nyama

Gereji ninayofanyia kazi iko Vingunguti, Dar, na kwa ambao hampajui, Vingunguti ndo kwenye machinjio, ng'ombe wanatoka mnadani Pugu wanaletwa pale, kwahiyo kwetu nyama haijawahi kuwa kitu cha sikukuu. Asubuhi watu wanaanza na supu na chapati mbili, mchana wali nyama au ugali na utumbo, afu Ijumaa jioni tunachanga elfu tano tano, dogo anatumwa anarudi na mbavu, tunachoma hapohapo nyuma ya kontena la spea. Nimeishi hivyo miaka saba. Sasa hivi nina mwaka wa tatu sijala nyama, samaki, mayai wala maziwa, na bado nashusha gia boksi za Fuso na Scania kama wenzangu na Jumapili nakimbia na jogging yetu. Watu wananiuliza sana nawezaje, nimeona niandike yote kwa pamoja, hata pale nilipokosea, maana mwanzoni nilikosea sana.

Nianze na sababu. Kuna siku ya mwezi wa kwanza, lile jua la Dar mnalijua, limekuja lori linavutwa, propela imekatika, na juu lina ng'ombe wametoka bara, siku mbili njiani. Spea ikachelewa. Wamekaa mle juu toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na mmoja alishaanguka, wenzake wanamkanyaga na yeye hawezi kuinuka maana hamna hata nafasi ya kukunja mguu. Nikapanda na madumu ya maji na beseni nikawa nawanywesha, yule wa chini nikamnyanyua kichwa akanywa kwenye kiganja changu, ulimi mkavu kama msasa. Jioni lori likawaka likaondoka. Ijumaa ya wiki ile sahani imekuja, nimekaa na wenzangu kama kawaida, mkono haukwenda. Sikuhubiriwa na mtu na sikubadili dini, mkono tu haukwenda, na mpaka leo haujaenda.

Baadaye ndo nikaja kujua kumbe hii ina jina, vegani, neno lilitungwa Uingereza mwaka 1944. Bibi yangu Singida alikuwa anakula ugali wa mtama na mlenda wa karanga wiki nzima, kuku mpaka aje mgeni, na hakuna aliyempa jina lolote. Nalisema hili kwasababu wengi wanadhani hii ni tabia ya wazungu au ya watu wenye hela, wakati nusu ya vyakula vyetu vya nyumbani tayari viko hivyo.

Gereji maswali yalikuja mfululizo. Una gauti? Vidonda vya tumbo? Umekuwa Msabato? Rasta? Afu lile ambalo wanaume wote wanaliuliza kwa sauti ya chini, vipi mambo ya ndani, nguvu zipo? Kwetu mafundi nyama ndo nguvu, basi, mtu anayekataa mbavu lazima anaumwa au ameishiwa. Nilikuwa najibu kwa hasira siku zile na sijivunii hilo, maana wengi walikuwa wananiuliza kwa kunijali kabisa.

Na kiukweli miezi minne ya kwanza walikuwa na haki ya kunijali. Nilipungua kutoka kilo 74 mpaka 66, nikipanda kwenye bampa la Scania naona giza, kwenye jogging wazee wananiacha. Nikaenda kupima, damu 10.8, na mwanaume anatakiwa awe na 13 kwenda juu. Siku hiyo gereji nzima ilisema si tulikwambia. Mimi mwenyewe nilishakata tamaa, nikajua imeshindikana.

Daktari aliyenihudumia (mama mmoja mtu mzima, mpole, Mungu ampe maisha marefu) hakuniambia rudi kwenye nyama, aliniuliza tu jana umekula nini na juzi umekula nini. Nikamtajia, asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana chips kavu na soda, usiku wali na kabichi, na kila mlo nashushia na chai. Akaniangalia akasema mwanangu wewe umeacha nyama lakini hujaweka kitu mahali pake. Afu akaagiza nipime choo pia, ikaonekana nina safura, minyoo ile inayonyonya damu. Kwahiyo ilikuwa mambo mawili kwa pamoja. Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu na somo ambalo ndo limenibeba mpaka leo.

Somo lenyewe hili. Madini chuma yapo kwenye maharage, kunde, choroko, dengu, na majani kama mchicha yanayo kiasi, ila mwili unayachukua kwa shida kuliko ya kwenye nyama, sasa ukikamulia ndimu au ukila chungwa pamoja na chakula vitamini C inasaidia yaingie, na ukishushia na chai chai inayazuia. Chai nikaihamisha, nakunywa saa nzima au zaidi baada ya kula. Hiyo haikunigharimu hata shilingi.

Pili protini. Mtu wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo yake, ila anayebeba vyuma na kukimbia ni vizuri afike 1.2 mpaka 1.6, kwahiyo kwa kilo zangu 70 ni gramu 84 mpaka 112 kwa siku. Bakuli la maharage yaliyopikwa, robo kilo hivi, lina kama gramu 21. Kiganja cha karanga gramu saba nane. Zile nyama za soya za pakiti, Kariakoo zimejaa, karibu nusu ya uzito wake zikiwa kavu ni protini. Na mahindi peke yake yamepungukiwa kitu ambacho maharage yanacho, ndo maana kande ni chakula cha maana sana na inaniuma watu wanaposema ni chakula cha bweni.

Tatu, na hapa naomba msinipite, vitamini B12. Hii kwenye mimea haipo, usidanganywe na mtu anayeuza unga wa majani. Mwili unatunza akiba yake miaka kadhaa kwahiyo unaweza kujiona mzima kabisa, ikija kuisha inagusa mishipa ya fahamu, ganzi miguuni, kusahau. Mimi nanunua vidonge duka la dawa na sivikosi. Hapo sina ubishi na mtu.

Sa hivi siku yangu iko hivi: asubuhi uji wa ulezi nasagia karanga mwenyewe (uji wa lishe wa dukani soma paketi, mwingine una dagaa), saa nne mihogo na kachumbari na parachichi, mchana ugali wa dona, maharage sahani mbili na matembele, usiku choroko au kisamvu cha karanga. Baada ya miezi mitano damu ilisoma 13.9 na kilo zikarudi 70, na zimetulia hapo.

Kilichonisumbua zaidi ya damu ni watu, na wa kwanza ni mama ntilie wetu. Naagiza maharage, ananimwagia mchuzi wa nyama juu kwa mapenzi kabisa, "baba mbona unakula kavukavu hivyo?" Nilikuwa nakasirika kimoyomoyo narudisha sahani. Siku moja saa kumi wateja wameisha nikakaa nae kwenye benchi nikamwambia ile habari ya ng'ombe wa kwenye lori, mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza, akasema basi si ungesema toka mwanzo. Toka siku hiyo anatoa sufuria langu kabla hajagusa vingine, na Jumanne na Alhamisi anapika mbaazi za nazi, ambazo wenye presha wanazigombania na kipindi cha Kwaresma zinaisha saa saba.

Wa pili ni Ijumaa. Miezi mingi nilikuwa natoa elfu tano yangu nakula kachumbari, naogopa kuonekana bahili, na nikisema nisiende naona nimejitenga, maana pale ndo tunapoongea yote, nani kafiwa, nani anadai, kazi gani inakuja. Mwisho nikamwambia fundi mkuu, kaka, mimi nitachanga ila yangu ninunue mwenyewe. Nikaja na ndizi mshare, viazi vitamu, mahindi mabichi, bilinganya. Yeye ndo akasema vya kwako vitangulie jikoni waya ukiwa bado msafi, mbavu zifuate. Sikumwomba hilo, alilifikiria mwenyewe, na sijamsahaulia.

Sasa inabidi ninunue ndizi mikungu miwili maana wanazimaliza wakisubiri nyama iive. Ijumaa hii zamu ya mkaa pia ni yangu.