Tulivyoanza na mapato: bajeti ya kijiji chetu kando ya Ziwa Tanganyika

Mimi ni mtendaji wa kijiji katika kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Ujiji, upande ambao gari halifiki na mtu akitaka kwenda mjini anasubiri boti. Naandika kwa watendaji wenzangu na wenyeviti wa vijiji, kwa sababu najua wengi mnapambana na jambo lililotusumbua sisi muda mrefu: mkutano mkuu unaitishwa, mbiu inapigwa, wanakuja wachache, mnaahirisha. Mwisho wake bajeti inapitishwa na watu wasiozidi wanaokaa kwenye benchi la ofisi. Kwetu hali hiyo imebadilika, na nataka kueleza ilivyobadilika.

Sheria tunayo, tena nzuri. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana nafasi yake humo, na mkutano unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Hapa Kigoma tumewahi hata kufika mbali zaidi ya hapo. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliteuliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za kwanza duniani kujaribu Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi katika ngazi ya chini. Mwaka 2017 nchi yetu ikajitoa kwenye mpango huo, na habari za manispaa zikaishia hapo. Nilipopangiwa kijiji hiki niliamua kutosubiri mradi mwingine wala mfadhili. Mkutano mkuu ulikuwepo, vitabu vya hesabu vilikuwepo. Waliokosekana ni watu.

Nikaanza kwa kuuliza kwa nini hawaji. Jibu nililipata mwaloni, pale ufukweni boti zinapotia nanga, kwenye vichanja vya dagaa, kutoka kwa bibi mmoja ambaye ameanika dagaa pale tangu kabla sijazaliwa. Aliniambia hivi, mikono yake ikiendelea kutandaza: "Mwanangu, nyie mnatuita kutuambia mchango ni shilingi ngapi. Hizo tulizokwisha kutoa mtazisoma lini?"

Nilikaa na wale akina mama hadi jua lilipokuwa kali, nikagundua kwamba chini ya swali lile kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kulieleza vizuri. Kila asubuhi boti zikifika, mkusanya ushuru anasimama ufukweni na mashine ya POS. Watu wanalipa, wanapewa risiti. Wanapita mbele ya ofisi ya kijiji, wanaona haina hata mlango wa maana, wanajumlisha wenyewe: hela zimeliwa. Lakini ushuru ule si wa kijiji. Ni wa halmashauri ya wilaya, unaingia kwenye mfumo wa wilaya moja kwa moja. Kijiji kina vyanzo vyake vidogo: pango la vichanja, vibanda vya siku ya gulio, faini za sheria ndogo, michango, na ruzuku inapokuja. Viongozi wa kijiji walikuwa wakituhumiwa kwa fedha ambazo hazijawahi kupita mikononi mwao, na wao walikaa kimya kwa sababu hata za kwao hawakuzoea kuzisoma.

Hapo ndipo nilipoona pa kuanzia. Tuanze na mapato, matumizi yafuate.

Nilichukua karatasi mbili za manila. Ya kwanza niliandika kila shilingi iliyoingia kwenye akaunti ya kijiji kwa mwaka, chanzo kwa chanzo, herufi kubwa za maka peni. Ya pili niliiita "Tunazolipa hapa, zinazokwenda wilayani". Ili kuijaza ya pili niliandika barua kwa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata, nikiomba jumla ya ushuru uliokusanywa kwenye mwalo wetu. Kwa kuwa kila risiti ya mashine inabaki kwenye mfumo, takwimu ile ipo, ni suala la mtu kuitoa. Ilichukua muda na nilifuatilia zaidi ya mara moja, lakini ilikuja, na mhuri juu yake. Nawashauri mwombe hivyo hivyo, kwa barua, na mtunze nakala.

Halmashauri ya kijiji haikukubali kirahisi. Mjumbe mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, alisema hesabu ni mambo ya ofisi, na kwamba watu wakiona fedha zipo watataka ziishe kesho yake. Hofu yake haikuwa ya bure, maana vijijini fedha ikionekana kila mtu anaikumbuka shida yake. Nilimjibu kwa adabu kwamba tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, na kwamba mtu anayechangia mfuko tayari ana haki ya kuufungua. Mwenyekiti wetu, mzee asiyependa maneno mengi, akasema: "Bandikeni. Kama nimekula, bora nijulikane nikiwa hai." Zikabandikwa.

Jambo la pili lilikuwa lini na wapi tukutane. Hili linaonekana dogo, lakini kwangu lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote. Mikutano yetu ilikuwa ikiitishwa kwa kalenda ya ofisi, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Siku za giza wavuvi wanatia nanga alfajiri na kwenda kulala, na saa nne hiyo wake zao ndiyo wamo kwenye vichanja wakiwahi jua. Utampata nani? Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, nyavu zinapumzika, wanaume wanakaa chini ya miti wakizishona. Basi tukahamishia mikutano kwenye siku za mbalamwezi, baada ya alasiri, na tukaanza kitongoji kwa kitongoji kabla ya mkutano mkuu. Kitongoji cha mlimani, wao ni watu wa michikichi na mihogo, kalenda ya mwezi haiwahusu, kwa hiyo walichagua siku yao wenyewe. Matangazo yalipita msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, na mwaloni kwa kipaza sauti.

Kwenye vikao vya vitongoji tuliweka sharti moja: hakuna anayetaja hitaji lolote kabla mapato hayajasomwa. Na msomaji asiwe mimi wala mwenyekiti. Kila kitongoji kilichagua kijana wake aliyemaliza kidato cha nne, akasoma polepole, vitabu vya stakabadhi na hati za malipo zikiwa mezani. Mtu akitilia shaka kiasi fulani, anaonyeshwa karatasi yake pale pale. Kikao cha kwanza kililala kwenye maswali tu, hatukufika kwenye matumizi kabisa. Sikuwaharakisha. Watu waliuliza kuhusu kibanda fulani cha gulio kinacholipa kidogo kuliko jirani yake, wakauliza faini ya ng'ombe walioingia shambani iliandikwa wapi. Akina mama wa dagaa wakauliza juu ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nikawaambia ukweli kwamba serikali ilikuwa imeisimamisha tangu Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu wa kuitoa, na kwamba jambo hilo halimo mikononi mwa kijiji. Hawakufurahi, lakini walielewa karatasi ipi ni ya nani.

Ndipo tukaingia kwenye mahitaji. Yalibaki matatu makubwa: kupaua boma la zahanati, yaani kuta zisizo na paa, ambalo wananchi walilifikisha kwenye lenta kwa nguvu zao, choo na maji ya bomba mwaloni, na kivuko cha korongo linalowazuia watoto wa mlimani wakati wa masika. Kwenye mabaraza ya wanaume jibu lilikuwa moja, zahanati. Tuliamua kila mtu apige kura yake bila kuonekana. Kila mmoja akapewa kokwa tatu za chikichi, akaingia darasani peke yake, akazigawa kwenye ndoo tatu anavyotaka. Zilipohesabiwa mbele ya wote, choo cha mwaloni kilikuwa juu, tena kwa mbali.

Palikuwa na mshangao, kisha mama mmoja akasimama kueleza. Wao wanashinda pale kuanzia alfajiri hadi magharibi, hawana pa kujisitiri, na maji wanayooshea mikono ni yale yale ya ziwa. Akawakumbusha watu Mei 2015, kipindupindu kilipoingia Kagunga wakati wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni. Hakuna mwanamume aliyebisha. Mambo haya akina mama walikuwa wanayajua miaka yote, ila kwenye mkutano wa saa nne asubuhi hawakuwepo, na wachache waliokuwepo hawakusema mbele ya wakwe zao.

Tukagawa kazi kulingana na zile karatasi mbili. Choo kinawezekana kwa fedha za kijiji na nguvu za wananchi. Kupaua zahanati ni zaidi ya uwezo wetu, hivyo likapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa diwani, liingie kwenye mpango wa halmashauri wa 2024/25.

Kisha likaja suala la kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, kwa hiyo miezi ile mitatu ilikata miaka miwili ya bajeti: nusu yake ilikausha mapato ya mwaka unaoisha, na nusu nyingine ikatangulia kuupunguza mwaka unaoanza. Kama hesabu zingekuwa kabatini, tungeshtuka mwezi wa sita. Kwa kuwa zilikuwa ukutani, wananchi ndio waliotushtua. Mvuvi mmoja alisimama kwenye mkutano mkuu akasema tununue saruji na mabati sasa, kabla ya Mei, fedha za vichanja zikiwa bado zinaingia, halafu ujenzi ufanyike ziwa likiwa limefungwa, kwa sababu vijana watakuwa nyumbani na mawe na mchanga vitapata wabebaji. Sikuwa na mpango bora kuliko huo. Ukapitishwa.

Tuliunda kamati tatu, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, kama utaratibu wa kutumia mafundi wa kwetu unavyotaka, na mkutano ukaamua kwamba mapokezi wakae wanawake. Boti ya saruji ilipofika, baadhi ya mifuko ilikuwa imelowa mawimbi. Wale mama waliikagua mmoja mmoja, wakaikataa iliyoganda, wakaandika idadi kwenye daftari na kumtaka mwenye boti atie sahihi. Alilalamika sana. Safari iliyofuata aliileta mingine.

Sasa nieleze kipindi ambacho nilikiogopa kuliko vyote. Mpango wa kijiji ukipanda kwenda kata, halafu wilayani, unakutana na ukomo wa bajeti. Halmashauri haiwezi kupanga kuzidi ukomo iliopewa, na vijiji vyote vina maboma. Zahanati yetu haikuingia. Mazoea ni kunyamaza, watu wasahau. Tuliitisha mkutano wa mrejesho, tukamwomba diwani aje, nikasoma mstari kwa mstari tulichoomba na kilichopatikana. Kwenye zahanati niliandika "haikupata".

Nilitegemea kelele. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema, "Nimezeeka hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu anarudi kutuambia tumekosa." Halafu wakamgeukia diwani kwa maswali ambayo sijawahi kuyasikia kijijini. Walitaka orodha ya maboma yote ya kata, kila moja limefikia wapi na liko umbali gani na kituo cha afya. Diwani alieleza kwa uwazi, na orodha ikaletwa baadaye. Walipoiona, walikubali kwamba kijiji jirani kiko mbali zaidi na huduma kuliko sisi, kitangulie. Uamuzi huo mtu wa ofisini akiwaletea wangempiga mawe. Waliufikia wenyewe kwa sababu walikuwa na karatasi mkononi.

Siku hizi mkutano ukiitishwa siku za mbalamwezi, wanafunzi hutoa madawati nje kwa sababu darasa halitoshi. Wapo pia wanaokuja kwa ugomvi tu, na wapo waliochukia kwa sababu pango la vibanda vyao limepandishwa baada ya kusomwa hadharani. Hao nao ni wananchi, tunawasikiliza.

Choo kinatumika, na akina mama ndio wanaoshika ufunguo na daftari la usafi. Kivuko cha korongo ndicho kinachofuata kwenye fedha za kijiji. Zahanati haijapauliwa bado. Imo tena kwenye mpango uliopelekwa kata, na kamati imenituma niombe halmashauri ituletee takwimu za ushuru wa mwaloni kila robo mwaka badala ya mara moja kwa mwaka. Barua ya kwanza nimeshaipeleka.