Chumba cha Ghorofa ya Tatu, Moshi

Kwenye ratiba kampuni ya safari iliandika "hoteli Moshi, chumba chenye maji ya moto". Safari yote ilikuwa siku nane: sita za mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na usiku mmoja wa hoteli kabla na mmoja baada. Nilishuka basi la Dar es Salaam jioni, vumbi la kutwa nzima mwilini, nikapelekwa hoteli isiyo ile niliyoandikiwa. "Ile imejaa, hii ni ya hadhi hiyo hiyo," nikaambiwa. Bei haikushuka hata shilingi.

Dada wa mapokezi alinikabidhi ufunguo wa ghorofa ya tatu. "Tumekuweka juu ili asubuhi uuone mlima," aliniambia kwa moyo mweupe. Shida yote ilianzia hapo.

Bafuni mlikuwa na ile hita ndogo inayofungwa kwenye kichwa cha shawa, swichi yake nje ya mlango. Niliwasha, nikafungua koki mpaka mwisho. Maji yalishuka kama uzi, ya baridi, na Moshi mwezi wa Julai ina baridi yake. Hita ya namna hii haiwaki kwa swichi peke yake. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Maji yakija kwa nguvu hukisukuma, nacho hukutanisha vyuma vya umeme, koili ikapata moto. Maji yakikosa nguvu, koili hubaki baridi hata swichi ikiwashwa usiku kucha. Na nguvu ya maji hutokana na kimo cha tangi: mita 10 za kushuka huleta kama baa 1, baa ikiwa kipimo cha msukumo. Simtanki la hoteli lilikaa juu ya paa, mita 2 hivi juu ya shawa yangu, kwa hiyo nilikuwa napata baa 0.2. Chumba cha chini kabisa, mita 9 zaidi, kinapata zaidi ya baa 1. Juu ya hayo, matundu ya shawa yalikuwa yamezibwa na chokaa, na hata ule msukumo mdogo ulikuwa unaishia humo.

Dawa yake si ngumu. Chokaa hutoka kwa kuloweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku mzima. Simtanki linaweza kuinuliwa kwenye mnara, au ikafungwa pampu ndogo kwa ajili ya vyumba vya juu. Mgeni asijaribu kufungua hita mwenyewe: maji na umeme viko pamoja mle, na kama waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haukufungwa, kosa moja linatosha kuua.

Nilishuka kuomba chumba kingine, vyote vimejaa. Mama wa jikoni alisikia. Nilimwamkia, akaitikia, na hakusema zaidi. Aliteka maji kwenye sufuria kubwa iliyokuwa jikoni juu ya mkaa, akayachanganya, akanipa ndoo na kopo. Kwetu Tanga mgeni hata hafikii kuomba. Akishaketi na kunywa maji, ndoo inakuwa tayari bafuni, taulo juu ya mlango, hata kama maji yenyewe yametekwa kisimani. Niliyamwaga yale maji kopo kwa kopo nikiwaza nyumbani kuliko nilivyowaza mlima.

Saa tatu usiku luku ikaisha. Aliyeshika simu ya kununulia umeme alikuwa ameondoka, na bila zile tarakimu 20 za tokeni mita haifunguki. Soketi ilikuwa moja, tochi ya kichwani ndiyo kwanza nimeichomeka. Tangu siku hiyo nasema: chaji kila kitu nyumbani, na beba betri za akiba, kwa kuwa usiku wa kuelekea kileleni unatembea gizani saa sita au zaidi. Chandarua nacho kilikuwa cha kitanda kidogo kwenye kitanda kikubwa. Kikigusa mkono, mbu anauma hapo hapo kupitia matundu yake.

Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika wingu zima. Chai ilichelewa, na mwongozaji alikuwa ameshafika na mizani yake, maana mpagazi habebi zaidi ya kilo 20. Tulipima mabegi uani huku mkate ukiwa mkononi. Maji ya chupa hotelini yaliuzwa mara mbili ya bei ya duka la ng'ambo ya barabara, na kila mmoja wetu alihitaji lita 3 za siku hiyo.

Kambi ya Mandara mita 2,720, kambi ya Horombo mita 3,720 ambako tulilala siku ya ziada mwili uzoee kimo, kambi ya Kibo, kisha kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tulifika sote, tukashuka salama.

Hoteli ilikuwa ile ile. Safari hii, kabla hata ya kuandika jina kitabuni, nilimwomba yule dada chumba cha chini. "Huko mlima hauonekani," akanikumbusha. Nikamwambia nimeshauona. Niliwasha swichi, nikafungua koki, taa nyekundu ya hita ikawaka palepale, na maji yaliyoanguka sakafuni yalikuwa ya kijivu kwa vumbi la Kibo.